Mgonjwa wa Majaribio

Wifi yangu alianza kutuua mara tu alipoizoea kazi yake mpya. Alianza na kaka yangu, yaani mumewe, maana mke ana haki ya kwanza. Kaka alilazwa na homa, akapasuliwa tumbo, akafa kabla ya chakula cha mchana. Kisha nikafuata mimi. Nilikatwa mguu wa kulia, nikahamishwa wodi, nikakatwa mguu uleule tena, na kompyuta ikakubali bila kuuliza swali. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro kubwa ya kwanza aliyoigundua, na alirudi nyumbani akicheka peke yake. "Wifi, mguu wako umenipa sifa ofisini," akaniambia. Nikamjibu kwamba mguu wenyewe nauhitaji kesho kwenda kazini, kwa hiyo akimaliza nao anirudishie.

Kwetu tunamwita Breki. Kabla ya mambo ya kompyuta alikuwa mwalimu wa udereva, yule anayekaa kiti cha pembeni katika gari lenye breki mbili, macho yake kwenye mikono ya mwanafunzi na mguu wake tayari. Kazi ile ilimharibu kabisa. Mpaka leo, mtu akipita sebuleni na kikombe kilichojaa chai, mguu wa Breki unakanyaga zulia. Ukipika naye anakukanyagia breki, ukishona naye anakukanyagia breki. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilishawahi kumwambia kwamba kama kuna breki jikoni kwangu anionyeshe niing'oe.

Shule ya udereva ilipofungwa, alikaa nyumbani mpaka akaanza kugombana na masufuria. Ndipo mwanafunzi wake wa zamani, kijana aliyekuwa akipanda ukingo wa barabara kila alipokata kona, akamwambia kuhusu kampuni anakofanya kazi. Walikuwa wanatengeneza programu za hospitali, na walitafuta watu wa kuzijaribu.

"Sijui kuandika programu hata mstari mmoja," Breki akamwambia.

"Mwalimu, ulikuwa hujui kutengeneza injini pia. Lakini ulikuwa unajua kabla yangu kwamba nitagonga."

Basi akajifunza, mezani petu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai na visikizio masikioni, watoto wake wakimtania kwamba mama anaanza darasa la kwanza. Kwenye usaili waliwaonyesha waombaji kisanduku kinachouliza umri wa mgonjwa, wakawauliza wangekijaribu vipi. Mwenzake mmoja alisema angeandika herufi badala ya namba, mwingine angeandika umri wa mtu ambaye hajazaliwa. Breki akasema angekiacha kitupu na kubonyeza "endelea", kwa sababu hivyo ndivyo mtu mwenye haraka anavyofanya. Wakamchukua kwa muda wa majaribio.

Mimi nilisema wazi mbele ya mama kwamba sijawahi kusikia mtu mzima analipwa kwa kubonyezabonyeza. Mama akanitazama juu ya miwani yake. "Na wewe unalipwa kwa kuwaambia watu warudi kesho," akasema, maana mimi ni karani wa ofisi ya ardhi. Mama alimpenda Breki kupita kiasi, na hilo nalo lilinikera.

Bosi wa Breki alikuwa dada mmoja mwembamba, mdogo kwake kwa umri, asiyependa maneno mengi. Alimfundisha namna ya kuripoti kasoro: umefanya nini, ulitarajia nini, nini kimetokea. Usianze na maoni, alimwambia, na usianze na samahani. Kisha akampa onyo moja. Katika majaribio watu wote wawe wa kubuni. Asiingize jina la mtu wa kweli wala namba ya simu ya mtu wa kweli. Aliyekikalia kiti chake kabla yake alifukuzwa kwa kosa hilohilo.

Breki alitii, na hakuona kitu. Alilaza wagonjwa wa kubuni na kuwatoa, na kila kitu kilikwenda sawa, huku wenzake wakiokota kasoro kama karanga zilizomwagika. Muda wa majaribio ulikuwa unayoyoma. Ndipo alipotugeukia sisi, na siku moja baada ya ule mguu wangu, tukiosha vyombo, akanieleza sababu.

"Mtu wa kubuni hanitishi, wifi. Namlaza, namhamisha, akifa shauri yake. Lakini nikimweka mama pale, kidole kinasita kabla ya kubonyeza. Na nikisita ndipo naona."

"Mama yupi?"

"Mama. Kwani tunao wangapi?"

"Umemlaza mama yangu hospitali?"

"Katika mfumo wa majaribio tu. Meseji zake zinazuiwa, haziendi popote." Akasugua sufuria lililokwisha kung'aa. "Halafu simwachi mtu mle. Kila jioni kabla ya kuzima kompyuta nawarudisha wote. Naandika kila mmoja, yuko nyumbani, mzima. Siwezi kutoka ofisini mmoja wenu akiwa amekufa."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Yeye hakucheka. Nilimuuliza kama bosi anajua, akasema hajui, na akaniomba nisimwambie kaka. Sikumwambia, kwa sababu siri ya wifi ni akiba, siku moja unaitumia.

Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Mgonjwa akiwa hospitali, ndugu yake anapata meseji: ameingia chumba cha upasuaji, ametoka, yuko wodi fulani. Ndugu asisumbuke kugonga milango. Na ilikuwepo meseji ya mwisho, ile ambayo hakuna anayeitaka. Breki aliijaribu hiyo kuliko zote. Alisema ndiyo isiyoruhusiwa kukosea.

Mama alianguka bafuni mchana, siku ya kazi, mimi na kaka tukiwa tumerudi kula. Alitaka kuchukua taulo, miguu ikamponyoka, na tulipomfikia mguu mmoja ulikuwa umekaa upande usio wake. Mfupa wa nyonga. Kaka alimpigia mkewe simu akiwa bado amepiga magoti kwenye maji. Breki alifika hospitali na kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni, anahema, akamshika mama mkono na hakuuachia mpaka walipomwingiza ndani. Daktari akasema watampasua baada ya siku chache, damu ya akiba ikipatikana, kwani mama ni mtu mzima na damu yake ni chache.

Asubuhi ya upasuaji ilikuwa ndiyo asubuhi ambayo hospitali ilianza kutumia mfumo mpya. Tulijua. Breki alijivuna kidogo, na mimi nilimwacha ajivune, kwa sababu siku ya namna ile kila mtu anatafuta pa kujishikiza.

Mimi ndiye niliyepeleka karatasi za mama mapokezi. Karani alianza kuandika jina lake, na kabla hajafika katikati, taarifa zote zikajitokeza kwenye skrini: jina, umri, mtaa, namba ya simu ya kaka.

"Mama yenu yumo tayari," akasema karani, akibonyeza "endelea" bila kusoma zaidi. "Safi, mmenipunguzia kazi."

Niliona fahari. Nilirudi kwenye ukumbi wa kusubiri, mbele ya mlango wenye kioo kidogo cha mviringo, nikamkuta kaka ameinamia magoti yake. Mama alikuwa ameshaingizwa. Breki alikuwa anakunja shuka aliyomletea, anaikunjua, anaikunja tena.

"Wifi, mashine yenu ni hodari," nikamwambia. "Imemtambua mama kabla karani hajamaliza kuandika jina lake."

Mguu wake ulikanyaga sakafu. Niliusikia.

"Imemtambua vipi?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Simu ya kaka ililia mlio wa meseji. Akaisoma, akaisoma tena, akanipa mimi kana kwamba ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya wageni. Iliandikwa: Tunasikitika kukujulisha kwamba mgonjwa wako amefariki dunia. Tafadhali fika mapokezi.

Nilipiga yowe. Watu waliokuwa kwenye mabenchi walisimama. Kaka hakulia, akachukua simu yake mkononi mwangu na kuanza kutafuta namba ya mjomba.

Breki akamshika mkono. "Usimpigie mtu."

"Niache."

"Usimpigie. Subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Hospitali imesema!"

Breki akanigeukia. Alinishika mimi begani akanivuta hadi mapokezi. Akamwuliza karani mgonjwa wetu yuko katika hali gani. Karani akatazama skrini na sura yake ikabadilika. "Poleni sana," akasema.

"Nani kaandika? Daktari yupi?"

"Mama, hapa imeandikwa tu amefariki."

"Na damu yake?"

Karani hakuelewa. Mimi pia sikuelewa, nikadhani akili imemruka.

"Damu iliyowekwa akiba kwa ajili yake. Tazama. Inasemaje?"

Karani akabonyeza. "Imefungwa. Ombi limefutwa. Si ndivyo, mtu akishafariki?"

Ndivyo. Breki alijua ndivyo, kwa sababu sehemu hiyo aliijaribu yeye mwenyewe na kuipasisha: mgonjwa akifariki, maombi yake yote yanafutwa, damu inarudi kwa wengine. Nilimwona akishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Kama mama alikuwa amekufa kweli, basi hakuna la kufanya. Kama alikuwa hai, alikuwa amelala nyuma ya ule mlango akiwa amepasuliwa, na damu yake ilikuwa inaondolewa kwa sababu ya uongo. Na uongo ukicheleweshwa kidogo tu, ungegeuka kuwa kweli.

"Piga simu maabara. Waambie wasiitoe."

"Siwezi kuwaambia kinyume cha mfumo, mama. Nahitaji agizo."

"Agizo la nani?"

"La mkuu wa hospitali. Au la wenye mfumo."

Hapo nikamwona akisita, na nasema ukweli wangu, najua alichokuwa anakitafakari kwa pumzi ile moja. Wenye mfumo ni bosi wake. Kumpigia bosi ni kutaja jina la mama, na kulitaja ni kukabidhi kazi aliyoihangaikia. Kama angekaa kimya, baadaye kila mtu angesema ni mashine tu, mashine hukosea, na wiki hiyohiyo muda wake wa majaribio ungekwisha salama.

"La kuvunda halina ubani," akasema, akatoa simu yake.

Kaka alikuwa ameshatufuata. Tulisimama pale kaunta, yeye, mimi, karani na nusu ya watu wa mabenchi, na simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu Breki alitaka karani asikie.

"Bosi, ni mimi. Niko hospitali. Kuna kasoro ya kuua mtu."

"Taratibu," ikasema sauti ya yule dada. "Umefanya nini?"

Breki akavuta pumzi. "Niliingiza jina la mama mkwe wangu kwenye mfumo wa majaribio. Jina la kweli, na namba ya mume wangu. Nikamlaza. Nikamwandika amefariki, kuona kama maombi ya damu yatafutwa. Yakafutwa. Huwa namrudisha jioni. Siku hiyo kabla sijamrudisha simu ikalia, mume wangu akaniambia mama ameanguka. Nikatoka mbio. Sikumrudisha." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Nadhani mlipohamisha vitu kwenda mfumo halisi, mlimhamisha na yeye. Leo wameuwasha, na meseji yake imetoka."

Upande wa pili tulisikia akiandika. Kaka alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mimi nilitaka kumpiga. Mkono ulikuwa umeshainuka, na kilichonizuia ni kwamba nilihitaji kusikia swali linalofuata.

"Ulitarajia nini?" bosi akauliza.

"Mama yuko hai. Yuko kwenye upasuaji na anahitaji damu yake."

"Na nini kimetokea?"

Breki akageuka kuutazama ule mlango wenye kioo cha mviringo.

"Bado hatujui," akasema.

Bosi akaanza kutoa amri. Tulimsikia akimwita mtu kwa jina la cheo, tukasikia akisema zimeni, zimeni sasa hivi, msiulize, na mpigieni mkuu wa hospitali. Kabla hajamaliza, mlango ulifunguka kwa kishindo. Muuguzi alitoka na glavu mkononi, barakoa imeshushwa kidevuni.

"Damu yetu iko wapi? Nani kawaambia maabara mgonjwa wangu amefariki? Niko naye mezani, anapumua!"

Sijui nilisema nini. Kaka alikaa sakafuni palepale alipokuwa, mtu mzima, na suruali yake ya kazi. Breki peke yake ndiye aliyekuwa na ulimi. Alimwambia karani, "Umesikia kwa masikio yako. Piga," na karani akapiga, hakungoja agizo la mtu yeyote. Muuguzi alirudi ndani. Simu ya kaunta ililia, alikuwa mkuu wa hospitali. Kisha ukumbi wote ukawa unatazama upande mmoja, kwenye korido inayotoka maabara, na korido hiyo ilikuwa tupu.

Nimesubiri mengi maishani, lakini kusubiri kule simtakii hata adui. Kila mtu aliyetokea koridoni tulimtazama mikono kwanza. Alipita mfagizi na ndoo. Akapita mzee mmoja na mjukuu wake. Mguu wa Breki ulikuwa unakanyaga, unakanyaga, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumwambia aache. Hatimaye akatokea mtu wa maabara anakimbia, amekumbatia kasha kifuani, na umati wote ukampisha bila kuambiwa. Mlango ukamfungukia, ukajifunga.

Kaka alikuwa bado chini. Bila kumtazama mkewe akamwambia, "Umemuua mama yangu kila siku, halafu unakuja kula naye."

"Kila siku," Breki akasema. "Na kila jioni nilikuwa namrudisha."

"Isipokuwa ile."

"Isipokuwa ile."

Hatimaye daktari akatoka. Yule hakuwa mtu wa maneno. Alisema upasuaji umekwisha, mama amepoteza damu nyingi lakini iliyokuja imetosha, na tukitaka kulia tulie nje maana ndani kuna wagonjwa.

Jioni walituruhusu kumwona. Mama alikuwa mdogo katika kitanda kile, lakini macho yalikuwa yaleyale. Nilikuwa nimeshaamua kwamba asiambiwe kitu. Breki akaenda moja kwa moja kando ya kitanda akamwambia kila kitu, kwa mpangilio ule wa bosi wake, na samahani akaiweka mwisho. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo huko kwenye mashine sasa hivi nimekufa?"

"Ndiyo, mama. Wameuzima mfumo. Kesho naitwa ofisini. Nadhani wananifukuza."

"Na nani atanirudisha?"

Breki akaivuta shuka ya mama, akaiweka sawa.

"Sikiliza, mwanangu. Nenda kesho ukanifufue kwanza, ndipo wakufukuze. Usikubali kutoka mle na mimi nikiwa marehemu." Kisha akanigeukia mimi, ambaye sikuwa nimefungua mdomo. "Na wewe acha kumtazama mwenzako hivyo. Uliijua siri hii, uso wako unasema."

Ile akiba yangu ya wifi ikaishia hapo.

Kesho yake Breki alikwenda na roho mkononi. Sisi tulikaa na mama, na kaka aliiweka simu yake dirishani, mbali, kama kitu kinachoweza kuuma. Hakuwa ameigusa tangu jana. Mkewe alipompigia ilibidi apitie kwangu. Alisema bosi hakumpigia kelele. Alimpa barua ya onyo, akamwambia muda wake wa majaribio unaanza upya, tangu siku ya kwanza, na kazi yake ya kwanza ni kuwatafuta na kuwatoa watu wote wasiotakiwa kuwa katika mfumo ule. Waliohamisha vitu bila kukagua nao walipewa barua zao. "Nimeomba nianze na mama," Breki akasema. "Bosi amesimama nyuma yangu. Kaeni karibu na simu."

Simu ya dirishani ikalia. Kaka hakusogea. Aliniashiria kwa kidevu, nami nikaenda kuichukua, nikasoma kwa sauti: Mgonjwa wako yuko wodini na anaendelea vizuri.

Nikaishusha simu. Kaka akakigeukia kitanda, nami nikageuka, tukamkodolea macho mama, kifua chake, shuka inavyopanda na kushuka. Tulimtazama kwa muda mrefu.

"Mnanitazama nini?" mama akasema. "Si mmeambiwa nipo."